Saa ya Mgeni Haihesabiwi

Jakarta, 2 Agosti 1988

Mdogo wangu Sasmito,

Pete imefika salama, ndani ya kile kikopo cha chai ulichokifunga kamba kana kwamba umesafirisha nyoka. Wignyo ameivaa tangu ilipofika na haivui hata akienda kuoga. Kito cha buluu vile, na fedha yenyewe nzito! Mume wangu siku hizi hata akiomba chumvi anainua mkono juu ili sote tuione. Ahsante, umemfurahisha.

Lakini mimi ni dada yako, na la moyoni nitalisema. Umekipata wapi kito kama hicho, wewe fundi wa mabomba? Nilipokuacha Kaliwening ulikuwa unavaa pete ya akiki ya kahawia aliyokuachia babu, nayo ina ufa. Usinijibu kwamba ulibahatika. Bahati yako naijua tangu utotoni, ndiyo ile iliyokuwa ikikuangusha kwenye mfereji kila mwaka.

Sasa la pili. Unajua kwamba fimbo moja ya mafuta ya kinu chenu cha nyuklia imeletwa hapa maabara kwetu. Si siri, kasha lake la risasi ulilifunga bolti wewe mwenyewe. Kazi yangu ni kuipima nijue imeungua kiasi gani tangu ianze kutumika, maana wauzaji wa ng'ambo hawatatupa fimbo mpya bila kujua za zamani zimekwisha kiasi gani. Na fimbo ya mafuta ni mshumaa usiofupika. Ukiitazama kwa macho hujui imewaka kwa muda gani. Mpaka uipime mionzi yake ndipo inapokuambia, na ikishasema, hairudi nyuma.

Basi nakuuliza swali moja, na ujibu kwa akili yako, usimwendee mtu. Tumeandikiwa kwamba kinu chenu kimezimwa tangu Januari kwa sababu ya pampu. Je, kimelala kweli?

Msalimie Mama. Mwambie asikutilie pilipili nyingi kwenye lodeh yake ya mboga na tui, tumbo lako halijawahi kuwa la kiume.

Dada yako,
Wuryani


Kaliwening, 9 Agosti 1988

Dada Wuryani,

Nimecheka, halafu nimeacha kucheka. Mtu anatuma zawadi, anarudishiwa hati ya mashtaka! Pete nilinunua mbili, pacha, moja ya shemeji na moja yangu. Nilizipataje ni shauri langu. Sikuiba, na huo ufa kwenye akiki ya babu uliufanya wewe kwa kuvunjia njugu.

Kuhusu kinu: kimelala fofofo. Nani ajue kuliko mimi? Tangu Februari mimi ndiye niliye ubavuni mwake. Lile tundu la tatu la miale, lile linalopita kwenye ukuta wa zege mpaka karibu na kiini, limeshika kutu ndani. Tumeking'oa kizibo chake, na kila asubuhi mimi nakaa kwenye kigoda changu mbele ya tundu, mkono ndani mpaka begani, nakwangua. Kazi ya kukwangua sufuria, ila sufuria lenyewe lina shahada. Kama kinu kingekuwa kinawaka, Dada, ungekuwa unaandikia marehemu.

Siku pekee nisizokaa pale ni siku za wageni. Nazo si haba! Pak Hardiyo tangu awe mkuu wetu amegeuza mahali hapa nyumba ya harusi. Mkuu wa wilaya na mkewe, majenerali wastaafu, walimu wakuu, wakwe za majenerali wastaafu. Siku hizo tunarudisha kizibo ukutani, maana mkuu anasema kinu chenye tundu wazi kinaonekana kama mtu aliyeng'oka jino, kisha sisi mafundi tunafungiwa jikoni nyuma kupanga vikombe. Kengele ya mionzi nayo imenyamazishwa, kwa kuwa mwaka jana ilimshtua mke wa mkuu wa wilaya akamwagikiwa na chai. Kwa hiyo ukitaka kujua nafanya nini, nakwangua kutu na kukaanga vitafunio vya kerupuk.

Sasa na mimi nikuulize. Hapa watu wananong'ona kwamba Jakarta wanatafuta sababu ya kutufungia kabisa. Halafu ghafla dada yangu, ambaye huniandikia mara moja kwa mwaka wakati wa sikukuu ya Lebaran, ananiuliza maswali ya polisi. Nani amekutuma?

Mama hajambo. Pilipili ameongeza.

Sasmito


Jakarta, 15 Agosti 1988

Sasmito,

Hajanituma mtu. Natumwa na fimbo.

Nisikilize vizuri, maana hili sijamwandikia bado mtu yeyote hapa kazini. Moto wa kinu unaacha majivu ya aina nyingi ndani ya fimbo. Mengine, kama sesiamu, yanadumu miaka. Hayo ndiyo yanayoniambia fimbo imeungua kiasi gani maisha yake yote. Mengine roho zao fupi. Iko moja inaitwa lanthani. Kinu kikishazimwa, kila baada ya wiki mbili pungufu inabaki nusu, kisha nusu ya nusu. Kinu kilichozimwa Januari, ukija mwezi wa nane hupati hata harufu yake.

Mimi nimeikuta. Tena haikujificha, inapiga kelele. Nimedhani kipimio kimeharibika, nimebadilisha kipimio. Nimedhani nimechoka, nimekwenda kulala nikarudi. Iko pale pale.

Mtu akikuambia amefunga, wewe ukaingia jikoni kwake ukakuta majivu yana joto, utasemaje? Kuna mtu hapo kwenu anapika mwezi wa mfungo, Sasmito. Mwezi wa sita fimbo hii ilikuwa motoni. Nani anakiwasha? Huyo Lukito wa chumba cha kuongozea, wakati ninyi mmekwenda nyumbani anafanya nini?

Na jambo moja zaidi. Nimesikia kwamba ziko nchi ambako watu hutia vito vyeupe ndani ya kinu vikatoka vya buluu, vikauzwa ghali. Sisemi kitu. Nasema nimesikia.

Umeniapia kwamba kimelala. Ama hujui, na sioni utakosaje kujua wewe uliye ubavuni mwake, ama unajua. Ninaweza kuichelewesha ripoti mpaka mwezi wa kumi, si zaidi. Niambie kabla sijaandika jina la mtu.

Wuryani


Kaliwening, 24 Agosti 1988

Kwa Bu Wuryani, mtaalamu wetu tunayemwonea fahari,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku milimani, ambako mvua imewahi na maua ya ofisini yamestawi.

Barua yako kwa mdogo wako ilifunguka kidogo ikiwa mezani kwa mapokezi. Ndiyo hali ya gundi za siku hizi. Nimeifunga tena kwa mkono wangu na kumpa. Sikuisoma yote, macho ya mzee hushika maneno mawili matatu tu.

Nimefurahi kuona kwamba binti wa hapa hapa Kaliwening amefika mahali ambapo kalamu yake inaweza kukiokoa kinu au kukizika. Vipimio, Bu Wuryani, ni vyombo vya watu, na watu hukosea. Wako wazee huko Jakarta, marafiki zangu, ambao wangeona ni jambo la adabu kwa kijana kuandika kwamba kifaa kilikuwa na hitilafu, akaendelea na kazi nyingine. Sasmito naye ni kijana mzuri, mchapakazi. Mkataba wake unakwisha Desemba, na mimi ndiye ninayempendekeza.

Usiniwazie vibaya. Njoo mwenyewe ututembelee, au mtume mumeo, na wala usijisumbue kutoa taarifa. Mgeni hapangiwi siku. Tangu nianze kazi hii sijamwacha mgeni wangu aondoke hajaona kitu kizuri.

Wako mwenye heshima,
Hardiyo


Jakarta, 30 Agosti 1988

Sasmito,

Kumbe! Nimekuandikia wewe, amenijibu mkuu wako. Sitaki kujua kama ilifunguliwa kwa mvuke au uliipeleka mwenyewe na kusimama mlangoni. Nakuuliza kwa siri, naona siri yangu inarudi imepigwa pasi na maua pembeni.

Basi sitakuuliza tena.

Wignyo anakwenda Solo na mzigo wake wa batiki wiki ijayo. Atapita kumsalimia Mama, na huenda akapita na hapo kazini kwako akuone. Mpe chai, zungumzeni mambo yenu ya pete. Usimtangazie mtu kwamba anakuja.

Barua hii naituma nyumbani kwa Mama.

Wuryani


Kaliwening, 14 Septemba 1988

Kwa Wuryani, mpimaji,

Leo sikuiti Dada.

Shemeji alifika Jumamosi. Kumbe hakuja kunisalimia, amekuja kupeleleza, na masikini hajui hata kupeleleza! Kabla hajavuka geti ameshamwambia mlinzi yeye ni mume wa nani. Habari ikapanda ngazi mbio. Mimi niko kwenye kigoda changu, mkono ndani ya tundu, namwona Lukito anakimbia kuelekea chumba cha kuongozea huku anafunga vifungo vya shati. Nikajisemea, leo kuna kishindo. Nikaendelea kukwangua. Baadaye sana ndipo Pak Hardiyo akaniita kutoka juu: "Wee Sasmito! Shemeji yako atakufa na kiu?" Nikainuka nikaenda jikoni kupika chai. Walimpandisha juu ya bwawa la kinu, wakamzungusha kama bwana harusi.

Alipokuja jikoni kuniaga akanishika bega, akacheka kile kicheko chake, akasema: "Dada yako ana vituko, bwana! Pete yako aliiweka kwenye mashine yake siku nzima."

Siku nzima. Mbele ya Lukito kaniambia, na wapishi wanasikia. Nilijihisi kama mwizi wa kuku aliyevuliwa shati sokoni.

Unataka kujua nimepataje vito? Nilibadilishana na baiskeli yangu. Ile ya kijani. Ndiyo maana natembea kwa miguu kuja kazini, muulize Mama. Nilitaka shemeji avae kitu kinachofanana na changu, basi, ili wewe ukimwona naye unikumbuke. Ungeniuliza kwa upole ningekuambia. Uliuliza kama polisi, kisha ukaipima. Na ilikuonyesha nini hiyo mashine yako? Ilikuonyesha baiskeli?

Na barua yako sikumpelekea mkuu. Niliipokea imeshabandikwa upya. Ila kwa kuwa wewe umeshahukumu, haina haja.

Hata mwili umeniasi kwa hasira. Jumamosi ile ile jioni nilitapika mpaka nyongo. Mama anasema ni hasira, mimi nasema ni tui lake lililolala. Mkono wa kulia nao unawaka, umekuwa mwekundu kama wa mfua nguo; nadhani ni ile dawa ya kutu. Haya ndiyo malipo ya kukaa kwenye kigoda miezi yote hii kwa ajili ya kinu ambacho dada yangu anataka kukifunga.

Usinijibu.

Sasmito


SIMU YA MAANDISHI
JAKARTA 15 SEPTEMBA 1988
KWA SASMITO KALIWENING

USIKAE MBELE YA TUNDU. KINU KINAWASHWA. KILIWASHWA JUMAMOSI. NENDA HOSPITALI LEO LEO. BARUA YAJA. WURYANI


Jakarta, 15 Septemba 1988

Mdogo wangu,

Watu huandika "mimi mzima, hofu kwako" kwa mazoea tu. Leo naandika nikimaanisha kila neno.

Wignyo amerudi mchana huu. Nimemwekea chakula, nikamuuliza: je, umeona nini? Akaweka kijiko chini, uso umechanua. "Mke wangu, nimeona maajabu! Wamenisimamisha juu ya bwawa, chini kule maji yakaanza kung'aa buluu, buluu kuliko kito changu hiki, yakawa kama yana mwezi ndani yake. Pak Hardiyo akasema, haya ni kwa ajili yako."

Sasmito, maji yale hayang'ai buluu namna ile mpaka kinu kiwe kinawaka.

Nikamuuliza, na mdogo wangu alikuwa wapi? Akasema: "Yuko chini. Nilimwona toka juu, kakaa kwenye kigoda kaelekea ukutani. Nikampungia mkono, hakuniona."

Nimepiga yowe mpaka jirani akaja. Kizibo hakikuwepo, sivyo? Hakuna aliyejua kwamba mgeni anakuja, kwa hiyo hakuna aliyerudisha kizibo, wala aliyekufukuza kwenda jikoni. Waliosimama juu walikingwa na maji. Wewe ulikuwa mbele ya mdomo wa bunduki. Na mimi ndiye niliyemtuma huyo mgeni.

Ngoja nikiri hapa hapa, maana likikaa litanioza. Uliponiandikia unakaa mbele ya tundu nilishtuka, nilitaka kukuandikia "toka hapo". Sikuandika. Nilidhani unajua kinawashwa lini, maana mwizi anaijua saa yake ya kuiba. Pete yako niliipima nikitumaini nitaikuta chafu, ili niwe na haki ya kukasirika. Ilikuwa safi kabisa. Na hata hivyo nikaendelea kukushuku, nikijiambia wewe ni mjanja. Dada gani mimi!

Nakuomba uniandikie: unajisikiaje? Umetapika? Umewashwa mwili? Ulikaa pale muda gani baada ya Lukito kwenda kule juu? Nakuomba, jibu hata kama hunipendi.

Wuryani


Kaliwening, 22 Septemba 1988

Dada,

Barua zetu zimepishana njiani. Ukisoma yangu utakuta majibu ya maswali yako, nimeyaandika kwa matusi.

Simu yako ilifika nikiwa kwenye kigoda. Nimeisoma, nikasimama, sijakaa pale tena. Zahanati walinipa vidonge vya tumbo na mafuta ya kupaka mkono. Nikamwambia mganga "kinu", akanitazama kama niliyemwambia "jini".

Nilimwendea Lukito nyumbani kwake. Nikamuuliza swali moja tu, akaanza kulia kabla sijamaliza. Dada, wamekuwa wakikiwasha kwa kila mgeni mkubwa. Nusu saa hapa, dakika ishirini pale, ili waone ule mwanga. Lukito anasema mara ya kwanza alikataa, akasema pampu mbovu, kinu kimetangazwa kimezimwa. Pak Hardiyo akamwambia: "Utamwonyesha mgeni wangu maji meusi? Ndivyo mama yako alivyokufundisha?" Akauliza basi aandike wapi muda huo. Akaambiwa: "Usiandike. Saa ya mgeni haihesabiwi. Ile si kazi, ile ni adabu." Nani angembishia mkubwa? Wote walijua, Dada, wapishi, walinzi, wote. Kila mmoja alidhani mimi nimeambiwa, na kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza kulitaja.

Nilikwenda na kwa Pak Hardiyo mwenyewe. Amenipokea vizuri, kaniwekea kiti. Anasema Jumamosi walikiwasha dakika mbili tu kabla ya kuniita chai, na tena kwa moto mdogo, wa kunong'ona. Nikamuuliza Lukito, naye anasema hakutazama saa, alikuwa anamtazama shemeji anavyofurahi. Beji yangu ya kupima mionzi iko nyumbani, imening'inia msumarini tangu Februari. Kinu kimelala, ya nini? Hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Kwa hiyo hakuna anayejua. Dakika mbili, au zaidi. Nimelala siku kadhaa nikihesabu kichwani: Lukito kapita, nimekwangua, nimeimba, nimekwangua tena. Wimbo niliimba wote? Sikumbuki. Tangu juzi kila nikichana nywele nachungulia kitana.

Halafu nikakumbuka ulivyowahi kunifundisha zamani, kwamba chuma na fedha vikikaa mbele ya kinu navyo hushika kitu na kukihifadhi. Mkono uliokuwa ndani ya tundu ulikuwa na pete.

Nakutumia pete yangu, iko kwenye kikopo hiki, nimeizungushia vipande vya risasi vya nyavu za kuvulia za jirani. Ile nyingine uliipima kwa kunishuku. Hii ipime kwa sababu nimekuomba. Na ukishapata jibu, usiniandikie kwa adabu. Adabu ndiyo iliyonifikisha hapa. Niambie kama unavyomwambia fundi kwamba bomba limepasuka.

Mama hajui. Anasema tui halikuwa limelala.

Mdogo wako,
Sasmito


Jakarta, 3 Oktoba 1988

Mdogo wangu Sasmito,

Bomba limepasuka. Nakuambia kama ulivyotaka.

Si dakika mbili. Fedha ya pete yako imeshika mionzi ya robo saa na ushee, na moto haukuwa wa kunong'ona. Nimepima, nikampa mwenzangu asiyekujua apime bila kumwambia ni ya nani, akapata yale yale. Kutapika kwako ni mionzi. Mkono ni mionzi. Tui la Mama halikuwa limelala, kamwombe radhi.

Kipimo ulichokipata si cha kuua. Mtu aliyepata kiasi hiki kwa kawaida anaishi. Lakini chembe nyeupe za damu yako zinashuka sasa hivi, na wiki hizi homa ndogo inaweza kuwa kubwa. Nywele huenda zikapukutika kidogo, usiogope kitana. Mkono utavimba malengelenge na daktari ataamua. Miaka ya mbele sijui, na atakayekuambia anajua ni mwongo. Ungekaa pale mpaka wanamaliza kumwonyesha mgeni maji yake, nisingekuwa naandika barua. Kilichokutoa ni chai.

Juzi Pak Hardiyo alikuja nyumbani kwetu. Safari yote ile, na kikapu cha matunda ya salak. Nikamkaribisha, mgeni ni mgeni. Nikamwekea kikombe cha chai mbele yake, na kando ya kikombe nikaweka pete yako, nikamwambia hii ndiyo iliyokuwa chini mlipokuwa juu. Aliitazama. Akasema, "Nilidhani ameambiwa." Nikamwambia kila mtu alidhani hivyo. Chai hakuinywa. Alipofika mlangoni aliniuliza kwa sauti ndogo kama ripoti inaweza kusema kipimio kilikuwa na hitilafu. Nilimwonea huruma, kusema kweli, alikuwa mzee wa watu amesimama na viatu mkononi. Lakini ripoti nimeshaitia saini. Nimeandika fimbo imeungua kiasi gani, mwezi gani, na kwamba kinu kiliwaka wakati kilipotangazwa kimezimwa. Wakubwa wangu wamenuna. Saa za wageni nimezihesabu zote, na yako nimeihesabu peke yake.

Huenda wakakifunga kinu, ukakosa kazi. Lawama hiyo ni yangu, niachie.

Barua hii anakuletea Wignyo mkononi. Usibishane naye, panga nguo mbili, mwage Mama, mrudi wote kwa treni ya jioni. Hospitali wanakusubiri, nimeongea nao mwenyewe. Ile baiskeli ya kijani Wignyo ameshaiulizia kwa barua kwa yule uliyebadilishana naye vito, bado anayo.

Pete yako haitarudi kidoleni, itakaa hapa ndani ya risasi. Wignyo akifika atavua ya kwake akuvishe mkono wa kushoto, ule mzima. Usikatae, ni yeye aliyetaka, na alilia. Hiyo niliipima Agosti kwa kukushuku, na nimeipima tena jana kwa hofu, baada ya yeye kuivaa huko kwenu. Ni safi, Sasmito. Ilikuwa safi siku zote. Ivae, uje.

Dada yako,
Wuryani